Picha inasema figo za mama ni nzima, damu inasema zimechoka. Tuamini ipi?

#1 MtotoWaBusia
Salaam wana jukwaa. Nisaidieni, maana nyumbani tumegawanyika.

Mama yangu ana miaka 61, anakaa Tororo. Ana sukari tangu 2014, presha ikafuata baadaye. Wiki mbili zilizopita miguu ilianza kuvimba, ukibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Tukapima damu: kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) 2.4. Musawo, yaani daktari, akatuandikia ultrasaundi. Karatasi yake iko hapa mbele yangu: figo ya kulia sentimita 10.8, ya kushoto 10.4, hakuna mawe, hakuna maji, na mstari wa mwisho ni wa herufi kubwa: FIGO ZOTE ZINA UKUBWA WA KAWAIDA.

Kaka yangu mkubwa anasema figo ni nzima, maabara ndiyo imekosea. Tena ana hoja: mwaka jana kipimo kilisoma 118, sasa kinasoma 2.4, kwa hiyo hata kama palikuwa na tatizo limeshuka. Dada anataka tuuze ng'ombe twende Kampala kupiga CT ya dawa ya rangi ili ubishi uishe. Mama mwenyewe amenyamaza tu, anatusikiliza.

Picha na damu zikipingana, nani anasema kweli? Na ni picha gani hasa inayoonyesha figo ikifanya kazi?

#2 Kasese_Kileleni
Pole ndugu. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu, shangazi yangu ana jambo kama hili hili.

#3 MzeeWaMalaba
Amini damu. Ultrasaundi inaonyesha sura. Mtu anaweza kupiga picha ya pasipoti akiwa na malaria na picha ikatoka nzuri.

#4 NesiMstaafu_Jinja
Mwanangu, kabla ya picha tuanze na hizo namba, kwa sababu kaka yako amechanganya na mkanganyiko huo unaweza kuwapotezea mama.

Maabara nyingine huandika kreatinini kwa mikromoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Ile 118 ya mwaka jana ni mikromoli. Gawanya kwa 88.4, unapata 1.3. Sasa ni 2.4, ambayo kwa mikromoli ni 212. Haijashuka. Imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja. Mwonyeshe kaka hiyo hesabu leo, usingoje kesho.

#5 Hesabu_Kwanza
Nakubaliana na #4. Nimeingiza kwenye kanuni ya CKD-EPI ya 2021, ile ya kukadiria figo zinachuja damu kiasi gani, kwa kreatinini 2.4 na miaka 61. Uchujaji wa mama unatoka kama mililita 30 kwa dakika.

#6 Daktari_Kijana
Hesabu_Kwanza, umeingiza mwanamume. Kanuni ile inatofautisha jinsia. Kwa mwanamke wa miaka 61 mwenye 2.4 unapata 22, na mwaka jana alikuwa kwenye 45 au 46. Tofauti ya 30 na 22 si ndogo, maana chini ya 30 kuna dawa za kusimamisha (metformini ya sukari ni mojawapo) na dawa za picha zinazohitaji tahadhari.

Mwanzisha uzi, mama anakunywa metformini?

#7 Hesabu_Kwanza
Kweli daktari, nilisahau kubadilisha. 22.

#8 MtotoWaBusia
Anakunywa, ndiyo. Asubuhi na jioni. Kaka ameona hesabu ya #4, amenyamaza. Lakini bado anauliza: kama figo zimebaki na 22, mbona kwenye picha ziko na ukubwa wa kawaida? Zilitakiwa kusinyaa.

#9 Daktari_Kijana
Kesho asubuhi mpelekeni kwa aliyemwandikia hiyo metformini, na mbebe majibu yote mawili. Msiisimamishe wenyewe bila kumbadilishia, sukari itapanda.

#10 MpigaPicha_Mbale
Mimi ni sonografa, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye kazi hii, na swali la kaka ni zuri.

Ni kweli figo nyingi zilizougua kwa muda mrefu husinyaa. Ukikuta sentimita 7 au 8 pande zote mbili unajua ugonjwa ni wa zamani. Lakini si zote zinazosinyaa. Figo za mgonjwa wa sukari hubaki na ukubwa wa kawaida, mara nyingine huwa kubwa kidogo, hata kazi ikiwa imeshuka sana. Ugonjwa wa figo unaotokana na HIV hufanya hivyo hivyo, unakuta figo kubwa na zinang'aa. Kwa hiyo "ukubwa wa kawaida" kwa mama mwenye sukari haituambii kwamba ni nzima.

Sasa, ukubwa ni jambo moja kati ya mengi tunayoangalia. Nikimlaza mgonjwa ubavu, nikampaka jeli, namwambia avute pumzi ashike, figo ya kulia inashuka na kukaa chini ya ini. Hapo ini ndilo linakuwa kipimo changu. Gome, yaani tabaka la nje, la figo nzima huwa jeusi kidogo kuliko ini, au hulingana nalo. Gome likiwa jeupe kuliko ini, kuna kitu kimeharibika ndani. Halafu napima unene wa gome, naangalia kama mpaka kati ya gome na sehemu ya ndani bado unaonekana, natazama kama katikati kumejaa maji.

MtotoWaBusia, naomba usome karatasi yote. Usiishie kwenye mstari wa herufi kubwa. Katikati kuna lolote limeandikwa kuhusu mwangwi wa gome, yaani huo weupe wake?

#11 Arua_Sokoni
Jamani tusisahau dawa za asili. Jirani yangu alipewa mizizi kutoka Kongo, miguu ikanywea ndani ya wiki.

#12 NesiMstaafu_Jinja
Arua_Sokoni, miguu inaweza kunywea na figo zikaendelea kufa. Nimeuguza watu waliokuja na chupa za mizizi mkononi, hakuna aliyejua ndani mna nini wala kipimo chake. Nakuomba kwa heshima, mama wa watu tusimwongezee mzigo.

#13 Arua_Sokoni
Sawa nnyabo, nimekusikia.

#14 MtotoWaBusia
MpigaPicha_Mbale, nimesoma tena, na mwili umenisisimka. Mstari wa nne, maandishi madogo ya kalamu: "mwangwi wa gome umeongezeka kidogo pande zote, mpaka wa gome hauonekani vizuri." Kwenye hitimisho hakuna. Tulisoma hitimisho tu, na hata musawo aliyetupokea alisoma hitimisho tu.

#15 MpigaPicha_Mbale
Basi picha na damu havikupingana. Picha ilisema, ila ilisema kwa sauti ndogo. Aliyeandika aliona, ila hakulipandisha jambo hilo kwenye hitimisho. Inaniuma, maana daktari mwenye foleni ya watu sitini husoma mstari wa mwisho.

Lakini nisiseme zaidi ya nilichonacho. Mwangwi ukiongezeka unaonyesha kuna ugonjwa wa nyama ya figo. Hautaji jina la ugonjwa, na haukupi asilimia ya kazi. Hakuna ultrasaundi ya kawaida inayokupa ile 22.

#16 Namulonge_Dada
Mimi ninayo hadithi iliyo kinyume kabisa na ya mama. Kwetu tuna ugonjwa wa urithi wa figo zenye malengelenge mengi. Baba alikuwa na figo za sentimita 17, ukizitazama kwenye skani ni kama kichala cha zabibu, hakuna sehemu nzima unayoiona. Na kreatinini yake wakati ule? Ya kawaida! Daktari wa kwanza alidhani picha si ya mtu yule. Ilichukua miaka mingi kabla damu haijaanza kusema.

Kwa hiyo picha mbaya na damu nzuri zipo, kama zilivyopo picha nzuri na damu mbaya.

#17 Daktari_Kijana
Mfano mzuri sana dada. Kwenye ugonjwa huo vichujio vilivyobaki hufanya kazi kwa ajili ya vilivyokufa, kwa hiyo damu hukaa kimya muda mrefu. Ndiyo maana kwa wagonjwa hao hupimwa ujazo wa figo zote kwa MRI au CT, kisha unalinganishwa na urefu wa mtu na umri wake kutabiri nani atashuka haraka. Figo nzima ina kama mililita 150 hivi. Za ugonjwa huo zinaweza kupita lita moja.

Na hata bila malengelenge, kreatinini ni mjumbe anayechelewa. Huweza kubaki ndani ya mipaka ya kawaida mpaka karibu nusu ya uchujaji iwe imepotea.

#18 Kasese_Kileleni
Swali la #1 la pili halijajibiwa. Picha ipi inaonyesha KAZI?

#19 TibaNyuklia_Kla
Hapo ndipo penye kazi yangu. Picha za kawaida (ultrasaundi, eksirei, CT) zinapitisha mawimbi au mionzi mwilini na kuona umbo. Sisi tunafanya kinyume: tunamdunga mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo, halafu kamera ya gama inakaa nyuma ya mgongo inasikiliza dawa inavyopita. Kwa nusu saa hivi unaona kwenye skrini figo mbili zikiwaka taratibu kisha zikififia, na kompyuta inachora mistari miwili. Figo nzima mstari wake hupanda, hufika kileleni ndani ya dakika 3 mpaka 5, halafu unateremka kadiri mkojo unavyoshuka. Figo iliyoziba mstari hupanda na kubaki juu. Tukiona hivyo tunamdunga Lasix, dawa ya kukojosha: mstari ukishuka, haikuwa imeziba kweli, ni mfuko tu uliolegea, ukigoma kushuka, kuna kizuizi.

Dawa ziko tatu. DTPA huchujwa na vichujio, kwa hiyo inakadiria uchujaji. MAG3 hutolewa na mirija ya figo, nayo huonekana vizuri zaidi kwa figo zilizochoka. DMSA hung'ang'ania kwenye gome na haitoki haraka, hiyo tunaitumia kutafuta makovu, hasa kwa watoto waliougua mkojo mara kwa mara. Zote zimefungwa kwenye teknetiamu-99m, ambayo nusu yake huisha kila baada ya saa 6.

Na kipimo hiki ndicho pekee cha kila siku kinachosema kila figo inabeba kiasi gani. Damu inakupa jumla tu. Damu haijui kwamba kulia kunafanya 80 na kushoto 20.

#20 MzeeWaMalaba
Mionzi kwenye damu ya mama mgonjwa? Hapana.

#21 TibaNyuklia_Kla
Mzee wangu, hofu yako naielewa. Kipimo cha DTPA humpa mtu kama milisivati 1 au 2. Ardhi, anga na chakula kwa wastani vinatupa kama 2.4 kwa mwaka. CT ya tumbo huweza kufika 8 au 10. Dawa yenyewe haina sumu kwa figo. Na vyombo vyetu vinasimamiwa kwa sheria ya nishati ya atomiki ya 2008.

#22 Mulago_Mlangoni
Hapa kwetu ipo? Nilidhani mambo hayo ni India tu.

#23 TibaNyuklia_Kla
Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kitengo cha tiba ya nyuklia. Ila pigeni simu kabla ya kupanda taxi. Teknetiamu hukamuliwa kutoka kwenye chombo cha molibdeni, na molibdeni nayo hupungua nusu kila saa 66, kwa hiyo haiwezekani kuiweka ghalani kama panadoli.

#24 Ndugu_Mchangiaji
Naomba niongezee kwa niliyoyapitia. Nilimpa mdogo wangu figo, India. Kabla hawajanigusa nilifanyiwa DTPA: kushoto 47, kulia 53. Kanuni yao ni kwamba anayetoa anabaki na figo iliyo bora. Tofauti ikiwa ndogo kama yangu, wanaangalia mishipa. Nikapigwa CT ya mishipa, wakakuta kushoto kuna mishipa miwili ya ateri badala ya mmoja. Niliogopa nikadhani nina kilema. Daktari akanieleza ni jambo la kawaida, karibu robo ya watu wana mshipa wa ziada bila kujua. Mwishowe walichukua ya kushoto hivyo hivyo, kwa sababu vena ya upande huo ni ndefu na ni rahisi kuishona.

Siku ile naitazama picha yangu kwenye skrini, ateri zile mbili nyembamba kama nyuzi, nilimwona mdogo wangu amekaa nje kwenye benchi na mashine yake ya presha mapajani. Sitaisahau.

#25 Mulago_Mlangoni
Mungu akubariki. Inasikitisha kwamba Uganda hatuwezi kupandikiza mpaka leo.

#26 NesiMstaafu_Jinja
Tumeweza, mwanangu. Mulago walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo Desemba 2023, mwaka ule ule sheria ya uchangiaji wa viungo iliposainiwa. Kabla ya sheria hiyo watu walilazimika kusafiri, kama Ndugu_Mchangiaji.

#27 Mulago_Mlangoni
Sikujua! Webale nnyabo.

#28 Lira_Mashariki
Mmemsahau kichocho. Mama amewahi kukaa kando ya Ziwa Albert? Huko kichocho kimejaa na kinaziba mirija ya mkojo, figo zinajaa maji.

#29 Daktari_Kijana
Karibu uko sahihi, ila ziwa silo. Kichocho cha Ziwa Albert na Ziwa Viktoria ni cha matumbo na ini. Kile cha njia ya mkojo, kinachotoa damu kwenye mkojo na kuacha ukuta wa kibofu na mirija vikiwa na chokaa, hapa Uganda kinapatikana upande wa Lango, kwenu huko. Eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha chokaa hiyo kama duara jeupe kwenye nyonga.

#30 Lira_Mashariki
Kweli ni kwetu. Binamu yangu alikutwa hivyo, figo zote mbili zimejaa maji, na alikuwa anacheza mpira wiki hiyo hiyo.

#31 MpigaPicha_Mbale
Kuhusu maji kwenye figo, nitoe tahadhari mbili. Kibofu kikijaa sana figo huonekana zina maji kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Mwambie akojoe, kisha pima tena. Na kinyume chake: mgonjwa aliyekaukiwa maji, au ambaye kizuizi kimeanza juzi tu, anaweza kuwa ameziba bila figo kujaa. Kwa hiyo "hakuna maji" ya mama nayo isitufunge macho.

#32 Mzee_wa_Filamu
Vijana mna bahati. Mimi miaka ya themanini nilipigwa ile picha ya zamani ya figo, ya dawa ya mshipani na eksirei. Walinifunga mkanda mpana tumboni, wakaukaza hadi nikashindwa kupumua vizuri, ili dawa isishuke haraka. Kila baada ya dakika kadhaa filamu moja. Ladha ya chuma mdomoni na joto la ghafla mwili mzima. Jiwe lilionekana dogo kama punje ya mtama.

#33 TibaNyuklia_Kla
Mzee, kipimo hicho kina historia ndefu. Dawa ya kwanza iliyofaa ilitangazwa mwaka 1929 na Moses Swick na mwalimu wake Alexander von Lichtenberg. Kwa miaka mingi ndicho kilikuwa macho ya madaktari wa mkojo, mpaka CT ilipokuja. Leo kwa mawe CT isiyo na dawa yoyote inatosha, jiwe linang'aa lenyewe.

#34 MpigaPicha_Mbale
Na hapa kwetu tusijidharau. Mengo walipata eksirei mwaka 1907, iliyoletwa na Ernest Cook, wa ukoo wa Albert Cook aliyeianzisha hospitali ile 1897. Chuo kinachofundisha ultrasaundi hapo Mengo kinabeba jina lake.

#35 Kasese_Kileleni
Tumefika Mengo sasa, mama yuko Tororo. Turudini. Auze ng'ombe apige CT ya rangi au asiuze?

#36 Daktari_Kijana
Asiuze kwa ajili hiyo. CT ya rangi itaonyesha umbo na mishipa. Hatumtafutii uvimbe wala jiwe. Na kwa uchujaji wa 22, hiyo dawa ya rangi, ya iodini, ni ya kufikiria mara mbili.

#37 Redio_Mbarara
Naomba nipinge kidogo. Hofu ya dawa ya iodini imekuzwa. Mwaka 2020 wataalamu wa mionzi na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hatari ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi, na wenye uchujaji chini ya 30 wapewe maji ya mshipani kabla, siyo kunyimwa kipimo wanachokihitaji. Nimeona wagonjwa wakicheleweshwa kwa hofu hiyo mpaka ugonjwa wenyewe ukawamaliza.

#38 Daktari_Kijana
Nakubali: kipimo kikihitajika kifanywe. Mimi nasema kwa mama huyu hakihitajiki. Hapo hatupishani sana.

#39 Redio_Mbarara
Tunapishana kwenye mishipa. Ana sukari, ana presha, ameshuka ghafla. Ateri ya figo ikiwa imebana?

#40 MpigaPicha_Mbale
Ateri ya upande mmoja ikibana muda mrefu, figo ya upande huo hupungua. Tofauti ikipita sentimita 1.5 ndipo nashtuka. Ya mama ni 0.4. Zikibana zote mbili hoja yangu inaanguka, nakiri. Dopla, ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita mishipani, ingesaidia, haina dawa wala mionzi, ila inataka mkono uliozoea na mgonjwa asiye na gesi tumboni.

#41 Mwanafunzi_wa_Picha
MRI je? Nimesoma kuna namna ya kupima oksijeni ndani ya figo, na nyingine inayopima damu inavyoingia kwa kutumia maji ya damu yenyewe kama alama, bila sindano. Hiyo ndiyo ingejibu swali la #1 kikamilifu.

#42 Redio_Mbarara
Nzuri sana, ila bado ni za watafiti zaidi kuliko za wodini. Na MRI ya dawa ya gadoliniamu kwa mwenye figo dhaifu ina kisa chake: mwaka 2006 ndipo ilipohusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wagonjwa wa figo. Dawa za kizazi kipya hatari yake ni ndogo mno, lakini uliza ni ipi kabla ya kudungwa.

#43 TibaNyuklia_Kla
Mimi bado nasema DTPA.

#44 Daktari_Kijana
Kwa 22, DTPA itachora vilima viwili vilivyolala, na tutajua kwamba kila figo inafanya nusu ya kazi kidogo iliyopo. Hilo litabadilisha matibabu gani?

#45 TibaNyuklia_Kla
Litaonyesha kama upande mmoja umekufa peke yake. Na kama ni kuziba kusikoonekana, MAG3 itaonyesha. Umesoma #31.

#46 NesiMstaafu_Jinja
Nimewasikia nyote na mashine zenu. Hakuna aliyeuliza mama anakunywa nini kingine. Mwanangu, ana dawa ya magoti? Alipewa dawa yoyote mwezi huu? Na mkojo, nani ameupima?

#47 MtotoWaBusia
Nimempigia simu dada yuko naye. Ndiyo, diklofenaki kutoka duka la dawa, karibu kila siku tangu mvua zilipoanza, magoti yanamuuma. Na siku chache kabla ya kipimo alipewa Septrin, ile antibiotiki, kwa mkojo unaowasha, alikuwa bado anaimeza siku tuliyotoa damu. Mkojo haujapimwa tena.

#48 Daktari_Kijana
Ahsante nesi. Hilo linafungua milango miwili. Diklofenaki inabana damu inayoingia figoni, na kwa mwenye sukari na presha inaweza kumwangusha haraka. Septrin nayo inazuia mirija ya figo kutoa kreatinini, kwa hiyo namba hupanda hata kama uchujaji haujaguswa. Nani kati ya hao, au wote wawili, au sukari peke yake, picha yoyote haitasema.

Mpime potasiamu pia, Septrin inaipandisha. Hilo msichelewe.

#49 MzeeWaMalaba
Sasa ni damu inayodanganya? Mimi nilisema iaminiwe!

#50 NesiMstaafu_Jinja
Ulisema vizuri mzee, ila damu nayo ina siku zake.

#51 MtotoWaBusia
Narudi baada ya siku tisa. Musawo wake amesimamisha diklofenaki siku ile ile, Septrin akaibadilisha, na metformini ikabadilishwa na dawa nyingine. Potasiamu iko sawa. Tumerudia damu maabara ile ile: kreatinini 1.9. Mkojo una protini alama tatu. Ultrasaundi imerudiwa na mtu mwingine, akamwambia mama akojoe kwanza: ukubwa ule ule, hakuna maji, na safari hii mwangwi wa gome umeandikwa kwenye hitimisho. Ng'ombe bado yupo.

#52 Hesabu_Kwanza
Nimeingiza mwanamke. Ni karibu 30.

#53 Kasese_Kileleni
30 yako ya #5 imetimia, ilitangulia tu siku chache.

#54 TibaNyuklia_Kla
Nafurahi kwa mama. Ila viliachwa vyote siku moja, hatutajua ni diklofenaki au Septrin.

#55 Redio_Mbarara
Na dopla haijafanywa. Protini alama tatu inaelekeza kwenye sukari, lakini kutoka 45 hadi 30 ndani ya mwaka mmoja bado ni kasi kwangu.

#56 Daktari_Kijana
Protini nyingi hivyo yaweza kuwa ni sukari, yaweza kuwa ni ugonjwa mwingine wa vichujio. Wakifika kwa daktari wa figo anaweza kuzungumzia kutoa kijinyama kidogo kwa sindano, nayo huongozwa na ultrasaundi. Kijinyama hicho kikitazamwa kwa darubini ndipo jina la ugonjwa linaposomwa. Macho yake yameangaliwa? Sukari ikiwa imegusa macho, inakuwa na uzito zaidi kwamba ndiyo iliyogusa figo.

#57 MtotoWaBusia
Macho bado. Tuna miadi hospitali ya Kiruddu, Kampala, Alhamisi. Mama ameuliza jana usiku kama ile sindano ya kutoa nyama inauma. Ni mara ya kwanza ameuliza kitu tangu mambo haya yaanze.

#58 NesiMstaafu_Jinja
Mwambie ngozi inakufa ganzi kwanza, atasikia msukumo na mlio kama wa kibonyezo cha kalamu, halafu atalala chali masaa kadhaa wakimwangalia mkojo na presha. Na Alhamisi beba karatasi zote mbili za ultrasaundi, ile ya kwanza pia, na pakiti tupu ya diklofenaki waione. Majibu ya mwaka jana yaliyoandikwa 118 usiyaache nyumbani.